Huyo wa redio pia ana homoni

Mhariri,

Wiki juzi asubuhi nilikuwa kwa matatu ya 45 tumekwama hapo Pangani, redio iko juu, na mada ya siku ilikuwa zile zao za kutafutia watu ugomvi kabla hawajakunywa chai: je, mwanamke anaweza kuaminiwa na kazi kubwa. Jamaa mmoja akapiga simu, sauti ya mtu ameshiba, akasema yeye hana shida na wanawake, ana bibi, ana madada, lakini sayansi ni sayansi, kila mwezi homoni zinapanda kwa ubongo zinabadilisha waya, so leo unampa faili akiwa mtu huyu na kesho unamkuta ni mwingine. Gari yote ikacheka. Makanga akaongeza ya kwake ambayo hamwezi kuchapisha. Kulikuwa na mama mmoja mbele yangu ameshikilia kiroba cha maparachichi kwa mapaja, yeye hakucheka, aligeuza tu uso dirishani.

Na mimi nilicheka, Mhariri. Si sana, lakini nilicheka, na kinachoniuma ni kwamba kwa ile gari pengine ni mimi peke yangu nilikuwa najua jamaa ameshika nusu ya kitu cha kweli akakigeuza miguu juu. Mimi ni fundi wa maabara kwa shule ya upili hapa mjini, mwaka wa 19 sasa, ndiye huwa natayarishia walimu slaidi za bayolojia na kuosha vioo watoto wakishavunja. Si daktari. Lakini nasoma, na hii ya homoni na ubongo nimeisoma kwa sababu ya nyumbani kwangu, nitafika hapo.

Ni kweli homoni zinaingia kwa ubongo, na ni kweli waya zinabadilika. Hapo hatubishani.

Seli ya neva ina matawi, na ukiyaangalia kwa karibu matawi yenyewe si laini, yamejaa vijiba vidogo vidogo vimetokeza. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliviona 1888 akichunguza ubongo wa ndege, alitumia rangi yenye madini ya fedha ambayo Mwitaliano Camillo Golgi alikuwa ameivumbua 1873, na watu wakamwambia hivyo vijiba ni takataka za rangi tu. Mtu wa maabara anaelewa hiyo kesi, kila siku naambiwa na watoto kwamba uchafu kwa slaidi ni seli na seli ni uchafu. Uzuri wa rangi ya Golgi ni kwamba inashika seli chache mno kati ya mia, zingine inaziruka tu, lakini ile imeshikwa inashikwa yote, kuanzia shina mpaka kijiba cha mwisho, ndio unaweza kukaa chini ukahesabu. Kila kijiba mara nyingi ndipo seli nyingine inakuja kuongea na hii, na hapo penye zinakutana ndipo panaitwa sinapsi.

Sasa ukitaka picha ya haraka fikiria Jogoo Road saa kumi na mbili jioni. Barabara ni tawi, na pembeni ni vibanda, mahindi, viatu vya mtumba, chaja za simu, kila kibanda ni mahali biashara inafanyika kati ya watu wawili. Kuna jioni vibanda ni vingi huwezi kupita, na kuna jioni vimepungua.

1990 kule New York, Rockefeller University, Catherine Woolley, Elizabeth Gould, Maya Frankfurt na Bruce McEwen walihesabu hivyo vibanda kwa panya jike. Panya mzunguko wake ni siku nne ama tano hivi, hangoji mwezi kama binadamu, kwa hivyo unaweza kufuatilia haraka. Waliangalia sehemu ya ubongo inaitwa hipokampasi, yaani farasi wa bahari, kwa sababu imejikunja hivyo, na ndiyo inahusika sana na kumbukumbu. Wakapata kati ya siku ile estrojeni, homoni ya mifuko ya mayai (ovari), iko juu na siku inayofuata, ni kama saa 24 tu hapo, idadi ya vijiba inatofautiana kwa karibu asilimia 30. Panya mzima, haumwi na kitu, hajafundishwa chochote kipya. Kumbuka vitabu vyetu vya wakati huo vilikuwa vinasema ubongo wa mtu mzima ni jumba limeshamalizwa kujengwa, kilichobaki ni kungoja nyufa.

Halafu 1993 Woolley na McEwen wakaingia ndani zaidi. Ukiondoa ovari za panya vijiba vinashuka kwa siku kadhaa, ukimpa estradioli, hiyo ndiyo estrojeni yenye nguvu, vinarudi kwa siku mbili tatu. Lakini ile ilinifurahisha mimi ni projesteroni, homoni nyingine ya ovari. Ukiiongeza juu ya estradioli, kwa saa chache za kwanza vijiba vinaongezeka kidogo, halafu vinaporomoka, tena haraka kuliko vile vingeshuka kama ungeacha tu estradioli iishe yenyewe. Hapo ndio nilisema hawa ni kanjo, askari wa jiji. Si unajua vile wanakuja, kwanza wanapita polepole wananunua hata mahindi, ukigeuka hivi barabara imebaki karatasi na maganda.

Kuwa na vibanda vingi bado haijawa kujifunza. Kujifunza ni vile njia inapitwa mpaka inakuwa njia. 1973 kule Oslo Timothy Bliss na Terje Lømo walichukua sungura, wakachokora hipokampasi kwa umeme kidogo wa haraka haraka, na baada ya hapo ule muungano ukabaki na nguvu zaidi kwa masaa. Ni kama njia ya mkato ya kukata kiwanja, watu wakipita leo wengi nyasi inalala na kesho hata mgeni anajua pa kupita. Na pale kwa sinapsi kuna mlango fulani, unaitwa kipokezi cha NMDA, ambao umezibwa na magnesi kama kizibo, haufunguki mpaka kemikali ya jirani ifike na wakati huo huo seli yenyewe iwe tayari imechangamka. Estradioli inafanya hiyo milango iwe mingi na kazi yake iwe rahisi, kwa hivyo ule muungano unakazika vizuri zaidi. Inafanya kwa njia mbili, moja ni ya polepole, inaingia mpaka kwa kiini cha seli na kubadilisha jeni zipi zinasomwa, inachukua masaa na siku. Ya pili inafanyika pale pale kwa ngozi ya seli, dakika tu.

Basi jamaa wa redio akisoma mpaka hapa atasema si nilisema.

Buda, ngoja. Hiyo estrojeni wewe pia unayo, na iko kwa kichwa chako sasa hivi ukisoma gazeti. Testosteroni ya mwanaume ikifika kwa ubongo kuna kimeng'enya kinaitwa aromatesi kinachukua sehemu yake na kuigeuza kuwa estradioli. Na seli za neva zenyewe zinaweza kutengeneza, hata za dume, zikianzia na kolesteroli, hazingoji ovari wala korodani kuwatumia. Yaani hipokampasi ina jikoni yake. Na ile testosteroni yako ambayo unajivunia nayo haitulii mahali pamoja, iko juu asubuhi na inashuka vile siku inaenda, kwa hivyo wakati ulipiga simu saa moja na nusu asubuhi kutuambia homoni zinawapanda wanawake, za kwako ndio zilikuwa zimepanda. Sijasema ndio sababu uliongea hivyo. Nasema tu saa ilikuwa hiyo.

Hata ndege. Kule kule Rockefeller, Fernando Nottebohm alichunguza kanari, ambao madume ndio waimbaji, akapata sehemu za ubongo za kuimba zinapanuka majira ya kuzaana testosteroni ikipanda na kupungua msimu ukiisha. Hakuna mtu amewahi kupiga simu redioni kusema kanari dume hawezi kuaminiwa.

Na kuna utafiti wa 2019 wa huyo huyo Woolley, alikuwa ameshahamia Northwestern University, nimeusoma mara tatu na bado naupenda. Estradioli inakaza sinapsi za hipokampasi kwa panya dume na kwa panya jike, matokeo ukiyapima yanafanana, lakini ndani ya seli njia iliyopitwa ni tofauti. Kuna protini fulani ya kupitisha ujumbe, PKA, kwa jike ukiizuia kitu hakiendi, kwa dume ukiizuia mambo yanaendelea kama kawaida. Wote wamefika mjini, mmoja alipitia Thika Road mwingine akapitia Kiambu Road. Umuhimu wake ni dawa. Kama dawa inafunga Thika Road utamwumiza mmoja na mwingine hata hatajua kuna kitu kimefungwa, na ukiwa umeijaribu kwa dume peke yake utaandika kwa karatasi haina shida.

Na kumbe ndivyo ilikuwa inafanywa! Hapa ndipo nilikasirika, Mhariri, juu ile stori ya matatu ilikuwa imeingia mpaka maabara kubwa za wazungu ikavaa koti jeupe. Kwa miaka watafiti wa ubongo walikuwa wanatumia wanyama madume, sababu ni eti majike wana mzunguko watachafua hesabu. 2011 Annaliese Beery na Irving Zucker walihesabu machapisho, wakapata kwa sayansi ya neva tafiti za madume peke yao ni tano na nusu kwa kila moja ya majike peke yao. Halafu 2014 Zucker na wenzake wakapima sasa, je, ni kweli panya jike anayumba zaidi, wakakusanya vipimo vya tafiti karibu 300, na jike hakuwa anayumba kuliko dume. Madume wanawekwa pamoja kwa kizimba wanapigana wanapangana nani mkubwa, na homoni zao zinapanda na kushuka na hiyo vita. Ilibidi taasisi kubwa ya afya ya Marekani, ile inatoa pesa za utafiti, iweke sharti kuanzia 2016 kwamba ukiomba pesa ueleze jinsia zote mbili umezifikiria vipi. 2016! Mimi nilikuwa nimeshaajiriwa.

Turudi kwa faili ya jamaa. Swali lake lilikuwa je, mwanamke akiwa kwa siku zake akili ya kazi inabadilika. Hilo limepimwa kwa wanawake wenyewe, wala si kwa panya. 2025 ilitoka kazi iliyounganisha tafiti zaidi ya 100 zenye wanawake karibu 4,000, kukumbuka, hesabu, umakini, kufikiria haraka, na hawakupata tofauti ya kuaminika kati ya sehemu moja ya mzunguko na nyingine. Kuna mwanamke anaumwa vibaya sana siku hizo na simwambii haumwi. Lakini vibanda kuongezeka ama kupungua kwa barabara moja haimaanishi jiji limesahau kufanya biashara. Ubongo uko na barabara nyingi na unajipanga, na pia panya si binadamu, ile asilimia 30 huwezi kuibeba vile ilivyo ukaibandika kwa kichwa cha bibi yako.

Na tukiwa hapo hapo kwa mwanamke na kazi kubwa, profesa Wangari Maathai kabla ya dunia kumjua kwa miti alikuwa mtu wa anatomia ya mifugo pale Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, kukata tishu, kupaka rangi, kuangalia kwa maikroskopu, alipata uzamifu wake 1971, na 1976 akapewa kuongoza idara. Idara nzima, Mhariri, na mzunguko wake. Mafaili yalifika.

Sasa nyumbani kwangu.

Nina binti wa miaka 16, kidato cha tatu. Kifafa kilimwanza akiwa na 13. Sitaeleza usiku wa kwanza, mwenye amewahi kuona anajua, na asiyewahi Mungu amsaidie abaki hivyo. Majirani wa ploti walisema yao, mmoja akatuletea mafuta ya kuombewa, mwingine akatuambia tusimguse akianguka tutaambukizwa, hiyo ni uongo na kila mtu anajua ni uongo lakini kila mtu anarudi nyuma hatua moja. Tukaanza kliniki. Foleni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, ukifika mbele ni dakika tano, maswali ni yale yale, amekunywa dawa, amelala vizuri, amekula. Ndio, ndio, ndio. Ameanguka mara ngapi? Mara mbili. Haya, ongeza nusu tembe. Nusu kwa nusu mpaka mtoto akawa analala darasani na mwalimu anaandika kwa ripoti ni mvivu.

Mama yake alikuwa na kalenda ya bucha jikoni, ile yenye picha ya ng'ombe. Kila siku mtoto akianguka anaweka msalaba wa biro nyekundu. Na kwa kalenda hiyo hiyo kulikuwa na vidoti vidogo vya penseli ambavyo mimi nilidhani ni vya chama, siku za kuchanga. Mwaka na nusu nakunywa chai nikiangalia hiyo kalenda. Siku moja stima imepotea, nimekaa na tochi ya simu sina la kufanya, nikamuuliza hizi doti ni za nini. Akaniambia hizo si zako. Nikamuuliza tena. Akanyamaza, halafu akasema ni siku za mtoto.

Niliinua tochi. Kati ya misalaba kumi na miwili ya hiyo miezi, tisa ilikuwa imeganda kando ya doti, siku moja ama mbili kabla, ama siku yenyewe.

Mama watoto alikuwa ameshaona. Alikuwa anangoja daktari aulize, juu hicho si kitu unamwambia mwanaume usiyemjua kwa dawati na mlango uko wazi na foleni iko nyuma yako inasikiliza. Na mimi babake sikuuliza juu kwetu baba haulizi. Mimi ambaye naweza kukuchorea sinapsi kwa ubao nikiwa nimefunga macho.

Kitu chenyewe si kipya. 1857 huko London daktari wa uzazi Charles Locock alisimama kwa mkutano wa madaktari akasema amewapa wanawake bromaidi kwa kifafa kinachokuja na hedhi na wengi wametulia, na hiyo bromaidi ndiyo ikawa dawa ya kwanza ya kifafa kufanya kazi kweli. Nadharia yake ya kwa nini ilikuwa ya ovyo, alifikiria ni tamaa za kimwili. Lakini kalenda alikuwa ameiangalia. 1881 William Gowers akaandika kwa kitabu chake kwamba kwa wagonjwa wengi wa kike vifafa vinazidi wakati wa hedhi. Siku hizi madaktari wanakadiria ni karibu thuluthi moja ya wanawake wenye kifafa.

Na maelezo yake ni yale yale ya vijiba na milango, ndio maana nimewachosha nayo. Estrojeni inachangamsha seli, hiyo ni mguu kwa mafuta. Projesteroni ikiwa kwa ubongo inageuzwa kuwa kitu kinaitwa alopregnanoloni, ambacho kinaongeza nguvu ya mlango mwingine, wa GABA, na huo ndio breki ya ubongo. Siku chache kabla ya hedhi projesteroni inaanguka kwa haraka. Breki imeachiliwa ghafla kwa mteremko. Mwenye hana kifafa ubongo wake unajirekebisha, mwenye anacho ndio huyo yuko chini. Hicho hicho kitu, alopregnanoloni, kampuni zimekitengeneza kuwa dawa ya huzuni kali ya mama aliyejifungua, Marekani waliikubali 2019, ilikuwa ya kudungwa kwa mshipa ulikuwa unakaa hospitali siku mbili na nusu, na 2023 wakakubali tembe ya ukoo huo huo. Sababu ni hiyo hiyo, mama akizaa homoni zinaporomoka kwa siku chache kutoka mahali zilikuwa zimepanda miezi tisa. Lakini sisi hapa tutasema ako na nyege za kugombana ama amerogwa na mama mkwe.

Tulibadilisha kliniki. Daktari wa kule, kijana mdogo, aliichukua ile kalenda, akaikunjua kwa meza yote mpaka stetoskopu ikaanguka, akanyamaza, akaipiga picha. Akamuuliza mama watoto maswali, si mimi, na nikatoka nje nikakaa kwa benchi kama inavyofaa. Walichofanya ni kupunguza ile ya kila siku iliyokuwa inamlaza na kuongeza nyingine ya siku chache tu za mwezi. Sitaji majina ya dawa, mtu asije akanunua kwa kemisti kwa sababu ya barua. Bado anaanguka. Tangu Januari ni mara mbili.

Kuna jambo lingine huyo daktari alisema nilikuwa silijui na nadhani wengi hawalijui. Baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini ambayo ni ya kawaida sana hapa, zinafanya ini livunje homoni haraka, kwa hivyo tembe za kupanga uzazi na hata zile vijiti vya mkononi zinaweza kukosa kazi. Na kuna ile lamotrijini, hiyo inakuwa kinyume, tembe zenye estrojeni zinashusha dawa yenyewe kwa damu, halafu mtu anaanguka anaulizwa umekunywa dawa? Amekunywa. Zote mbili. Hakuna mtu alimwambia zinapigana.

So Mhariri, ombi langu ni mambo mawili na moja linakuhusu wewe. Mna ile kurasa ya afya ya kila wiki, mara nyingi ni maji moto na ndimu. Wekeni jedwali la mwezi, masanduku 31, mtu akate abandike ukutani, msalaba ni kuanguka, doti ni hedhi, miezi mitatu halafu aende nalo kliniki. Haitawagharimu. La pili ni hayo matangazo madogo ya unga wa kubalansi homoni, yanakaa ukurasa huo huo, simu ya mkononi na picha ya mama anatabasamu. Homoni gani, kubalansi na nini? Mwaka wa 2003 utafiti mkubwa wa Marekani ulitoa ripoti kwamba wanawake wa miaka 65 kwenda juu waliopewa tembe za estrojeni na projestini, ile projesteroni ya kutengenezwa, watu wakitegemea zitalinda kumbukumbu, hatari yao ya kupoteza akili ya uzeeni iliongezeka mara mbili hivi. Tembe zilizopimwa, na madaktari wakiangalia. Na tangu hapo wanasayansi wanabishana kama ni kuanza kuchelewa, kwamba homoni ile ile karibu na wakati hedhi inakoma ni kitu kimoja na miaka kumi na tano baadaye ni kitu kingine. Sasa wewe unauziwa unga kwa mfuko wa plastiki na mtu wa River Road.

Na kwa kliniki zetu, hata kama dakika ni tano, swali moja halimalizi dakika. Nesi anaweza kuuliza wakati wa kupima uzito, mlango ukiwa umefungwa. Mama ambaye amefika na mtoto wa kike ana tarehe, huwa anazo, ameziandika mahali.

Yule mtangazaji alisema mada itaendelea Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nimeweka kredo ya shilingi mia, lakini laini yao haishikangi, ndio nimeandika kwenu.

Fundi wa maabara,
Githurai 45, Nairobi.